Kadudu mu Programu: Rapoti Zilizoandikwa Eldoret na Zile Ambazo Sisi Hatuandiki



Mu Lubumbashi ukisema «Kenya», mutu anafikiri komini yetu: soko, vumbi la kiangazi, mitaro inayojaa maji mwezi wa kumi na mbili. Leo nitaongea juu ya Kenya ile nyingine, nchi. Kule kuna mji unaoitwa Eldoret, na si mbali na Eldoret kuna kituo cha afya cha Mosoriot. Wengi wetu tuliomaliza agronomi, uchumi ama afya ya jamii, kazi ya kwanza tuliyopata ilikuwa kuzunguka mu mashamba na mu nyumba za watu na simu mkononi, tukijaza fomu mu ODK ama mu KoboCollect. Historia ya programu hizo inapita Eldoret. Namna ninavyoisoma mimi, ni historia ya watu waliokuwa na tabia moja: kitu kikigoma, wanasema kimegoma namna gani, wapi, saa ngapi. Sisi kikigoma tunasema «mashini imekufa», tunazima, tunawasha, tunaendelea.

Tofauti hiyo njo inanisukuma kuandika.

Tuanze na neno lenyewe. Kosa lililojificha ndani ya programu, wenye kazi hiyo wanaliita kwa jina la mdudu. Sisi tuseme kadudu. Watu wanapenda kusimulia kisa cha tarehe 9 Septemba 1947, ku Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mashini kubwa iliyoitwa Mark II ilikuwa inakosea, na waliokuwa wanaitunza wakakuta nondo amebanwa ndani yake. Neno lilikuwepo toka zamani, Thomas Edison alikuwa analitumia mu karne ya 19, kwa hiyo nondo hakulizaa. Kwangu mimi mtu wa agronomi, kitu kizuri katika kisa hiki ni daftari. Walimbandika nondo kwenye ukurasa na wakaandika pembeni: saa 15:45, relei namba 70, paneli F. Saa, mahali, na kielelezo chenyewe. Mwalimu wetu wa entomolojia angewapa pointi zote.

Sasa, kuhamisha programu ni nini? Programu haiongei na mashini moja kwa moja. Katikati kuna mfumo endeshi: Windows, Linux, Android na wenzake. Mfumo huo njo unagawa kumbukumbu, unafungua mafaili, unasikia kidole chako kwenye kioo. Programu iliyoandikwa kwa mfumo mmoja haitembei ku mwingine mpaka mtu aihamishe. Ikiwa programu ni huria, yaani maandiko yake ya ndani, msimbo, yako wazi kwa kila mtu, basi yeyote mwenye ujuzi anaweza kuihamisha bila kuomba ruhusa. Lakini kila kuhama kunafukua vidudu.

Mfano wa zamani ni Unix, uliozaliwa 1969 ku maabara ya Bell, Marekani, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Miaka ya kwanza uliishi ndani ya mashini za kampuni moja, PDP. Mu 1977 ukahamishwa ku mashini za Interdata, mara moja Wollongong huko Australia, mara moja ku Bell kwenyewe. Wahandisi mpaka leo wanasimulia kwamba katika kuhama kwa namna hiyo, mashini mpya ilitakiwa kuandika UNIX, ikaandika NUXI. Mashini zinashika herufi mbili mbili. Moja inaanza na ya kushoto, nyingine inaanza na ya kulia. Msimbo ulikuwa umechukua kwamba dunia nzima inaanza upande uleule. Kosa lilikuwemo toka mwanzo. Nyumbani halikuonekana, sababu nyumbani kulikuwa na mashini za aina moja tu.

Kwetu agronomi tunajua jambo hili kwa jina lingine. Mbegu inachaguliwa ku stesheni, tuseme Kipopo ya INERA, inazaa vizuri sana. Unaipeleka ku udongo mwekundu wenye asidi, ama ku bonde linaloshika maji, na mavuno yanaanguka. Mbegu ni ileile. Kilichobadilika ni udongo, na udongo umeonyesha udhaifu uliokuwa umelala ndani yake. Ndiyo sababu tunafanya majaribio mahali pengi kabla ya kumwambia mkulima «panda hii». Na jaribio bila daftari ni bure: mbegu haisemi, mwenye kuiangalia njo anasema kwa niaba yake.

Turudi Mosoriot. Mwezi wa Februari 2001, kituo hicho cha mashambani kilianza kuandika wagonjwa wake ndani ya kompyuta. Kabla ya hapo yalikuwa madaftari ya mkono. Programu ilitengenezwa na watu wa Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret pamoja na wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, juu ya Microsoft Access, kitu cha Windows. Kwa kituo kimoja ilitosha. Lakini mwaka uleule ulianza mpango wa AMPATH wa kutibu UKIMWI, na wagonjwa wakaongezeka kuwa maelfu mu vituo vingi. Mu 2004, madaktari wawili wajuzi wa kompyuta, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret kutoka taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis. Waliona kwamba kuongeza viraka juu ya Access hakutafika mbali. Wakaanza programu mpya, huria, iliyoandikwa kwa Java, ambayo inatembea ku Linux sawasawa na ku Windows. Njo OpenMRS. Mu 2006 ilianza kutumika Eldoret, na mwaka huohuo ikafika Rwinkwavu, Rwanda, mikononi mwa Partners In Health.

Ukifungua OpenMRS ndani, unaona alama za kazi ya mashambani. Nitataja mbili. Ya kwanza: maswali ya daktari hayajafungwa ndani ya msimbo. Yako mu kamusi ya pembeni, na muuguzi mkuu akihitaji swali jipya, linaongezwa mule bila kuandika programu upya. Ya pili ni ndogo, lakini ninaipenda zaidi. Kando ya tarehe ya kuzaliwa kuna alama inayosema: tarehe hii ni ya kukadiria. Fikirini mama anayekuja kupimwa. Hajui siku aliyozaliwa, anajua tu kwamba ilikuwa mwaka wa njaa kubwa. Programu iliyofikiriwa mu mji ambamo kila mtu ana cheti cha kuzaliwa itamkataa, ama itamlazimisha muuguzi aseme uongo: tarehe 1 Januari. Na huo uongo utaingia mu hesabu kama ukweli. Ile alama moja inamwacha muuguzi aseme kweli.

Sasa tunafika ku programu yetu. Simu ya kwanza ya Android iliuzwa mwezi wa Oktoba 2008. Mwaka uleule, ku Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, profesa Gaetano Borriello na wanafunzi wake, wakiwemo Yaw Anokwa, Carl Hartung na Waylon Brunette, walianza ODK. Hawakuanza na mikono mitupu. Kulikuwa na injini huria ya kusoma fomu, JavaROSA, iliyotengenezwa kwa simu ndogo za vibonyezo. Juu ya injini hiyo njo ilijengwa CommCare, iliyojaribiwa Dar es Salaam na wahudumu wa afya wa mitaani. Watu wa Seattle wakaichukua na kuihamisha ku Android. Mahali pa kwanza pa kuonja kama imehama vizuri palikuwa Eldoret, ku AMPATH. Kule wapimaji walikuwa wanaenda nyumba kwa nyumba kupima UKIMWI, na vikompyuta vya mkononi vya zamani vilikuwa vinawachosha. Ndani ya Android walipata vitu vyote mu chombo kimoja: fomu, picha, GPS. Na Uganda, shirika la Grameen lilitumia ODK mikononi mwa wanakijiji wenyewe, waliokuwa wanauliza wakulima wenzao maswali na kuwapa maarifa ya kilimo. KoboCollect, tunayoijua sana mu Kongo, ni mtoto wa ODK. Waanzilishi wa Kobo, Phuong Pham na Patrick Vinck, ni watafiti waliouliza watu maswali ya vita na amani Uganda kaskazini na mu Kongo mashariki.

Kwa hiyo msiseme «ni programu ya bazungu». Imejaribiwa ku udongo wetu wa Afrika Mashariki toka ikiwa changa. Msimbo mwingi uliandikwa mbali, kweli. Lakini mtu wa Seattle hawezi kujua peke yake kwamba kioo hakisomeki saa sita mchana ku jua, ama kwamba GPS inachelewa chini ya miembe. Lazima aambiwe na aliyesimama pale.

Na kuhama hakujaisha, maana hata ukibaki ku Android, Android yenyewe inakuhama. Toka Android 10 ya 2019 na Android 11 ya 2020, Google ilibadilisha sheria ya mahali programu inaweka mafaili. Zamani ODK iliweka fomu zako mu folda ya wazi mu simu. Ukifuta programu, folda ilibaki. Sheria mpya iliilazimisha kuhamia folda yake ya ndani, na folda hiyo inakufa pamoja na programu. Ukifuta programu, fomu ambazo hazijatumwa zinaenda.

Nimeona maana yake kwa macho. Mu anketi moja ya mahindi ku upande wa Kipushi, mwenzetu mmoja programu yake ilikuwa inakwama kwenye swali la picha. Akafanya kile ambacho wote tulikuwa tunafanya miaka ya nyuma: akaifuta, akaiweka tena. Fomu za siku tatu zikapotea, na shirika lililotuajiri lilikuwa linalipa kwa fomu. Siku tatu za kutembea, hakuna hata faranga moja. Hapakuwa na mtu aliyemwonya. Lakini kuna jambo lingine: mpaka anketi inaisha, hapakuwa na mtu aliyeandika popote kwamba swali la picha linakwamisha aina ile ya simu. Msimu uliofuata, timu nyingine ilienda na simu zilezile.

Kuna pia vidudu ambavyo ni sisi tu tunaoweza kuviona. Chukueni koma. Sisi tumesoma Kifaransa, tunaandika tani 2,5 kwa hekta. Programu nyingi zimezaliwa kwa watu wanaoandika 2.5, na kwao koma inatenga safu moja na nyingine. Excel ya Kifaransa ikihifadhi jedwali lako kama CSV, inatenga safu kwa nukta-mkato na kuacha koma ndani ya namba. Ukilipeleka mu R, programu huria ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman mu Auckland, New Zealand, na ukatumia amri ya kawaida ya read.csv, safu zinachanganyika, fujo tupu. R iko na dawa: amri ya pili, read.csv2, kwa ajili ya watu wa koma. Lakini si kila programu iko na amri ya pili. Na mahali ambapo koma inamezwa kimya, 2,5 inakuwa 25. Kosa linalopiga kelele si baya sana. Kosa la kimya linafika mpaka ku ushauri wa mbolea, mpaka ku bei, mpaka ku sahani ya bukari.

Chukueni majina. Toka Mobutu alipokataza majina ya Kikristo mu 1972, sisi tuko na postnom, na prénom iliporudi tukabaki na majina matatu. Fomu ngapi zinauliza mawili tu? Mmoja anaandika postnom mahali pa jina la ukoo, mwingine anaiacha, na mtu mmoja anakuwa watu wawili mu orodha. Mtu wa Seattle ama wa Nairobi hawezi kuota jambo hilo. Ni sisi wa kumwambia.

Kumwambia namna gani? Hapa agronomi imetufundisha tayari. Kiwavi vamizi, Spodoptera frugiperda, alionekana Afrika kwa mara ya kwanza mu 2016, akashuka haraka mpaka ku mahindi ya Katanga na ya Zambia. Mwanzoni wakulima wengi walisema «kuna vidudu mu mahindi». Ilikuwa kweli, lakini haikusaidia kitu, maana mu mahindi kuna vidudu siku zote. Rapoti iliyosaidia ilikuwa hii: kichwani ana alama kama Y iliyopinduliwa, na karibu na mwisho wa mwili ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Mtu akisema hivyo, hata ukiwa mbali unajua ni nani.

Rapoti ya kadudu ka programu ni vilevile. Simu gani, Android namba ngapi, programu toleo gani. Nilifanya nini, hatua kwa hatua. Nilitegemea kuona nini. Niliona nini. Nikirudia, inatokea tena, ama ni mara moja moja? Picha ya kioo, kama nondo wa Harvard ndani ya daftari. Kadudu kamoja, rapoti moja. Mistari kumi inatosha. «Haitembei» si rapoti, kama «majani yanakauka» si uchunguzi wa shamba.

Kwa nini basi hatuandiki? Nimeuliza wenzangu, na nimesikia sababu tatu. Ya kwanza ni Kiingereza. Kweli, watengenezaji wengi wanaongea Kiingereza. Lakini rapoti ya Kifaransa iliyo wazi, na picha pembeni, inafaa kuliko kunyamaza, na leo kutafsiri mistari kumi ni kazi ya dakika moja. Ya pili ni woga: shefu atasema ni weye uliharibu. Sababu hii ni nzito, siwezi kuicheka. Mu kazi za mkataba wa wiki mbili, anayetaja kosa anaonekana kama mwenye kosa. Dawa yake ni kuandika pamoja, kwa jina la timu, na sisi kama chama cha wenye lisansi tunaweza kufanya hivyo. Ya tatu njo mbaya zaidi: tunafikiri programu ni kama mvua, inakuja namna ilivyo, unafungua mwavuli tu. Hapana. Programu huria ni kama njia ya kijiji: anayepita akiona shimo, akinyamaza, wa nyuma ataanguka.

Nataka niwaonyeshe kitu kimoja kidogo cha mwisho. Kuna hazina huria ya Unicode inayoitwa CLDR. Simu na kompyuta nyingi za dunia zinaitumia kujua namna ya kuandika tarehe, miezi na namba mu kila lugha. Kiswahili kimo. Na kando ya Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya kuna faili yetu: sw-CD, Kiswahili cha Kongo. Mu faili hiyo, koma njo inatenga desimali, kama tunavyoandika ku ubao. Haikujiandika yenyewe. Kuna mtu mahali fulani aliyeona kwamba Kiswahili cha kwetu si sawasawa na cha Dar es Salaam mu jambo hili dogo, na akalisema kwa usahihi unaotosha mtu mwingine arekebishe.

Msimu wa mvua unakaribia, na anketi za mbegu zitaanza. Ninapendekeza kila timu itakayotoka iwe na mtu mmoja wa daftari: kila kigugumizi cha programu anakiandika jioni, kabla simu hazijazimwa. Na kabla ya kufuta programu yoyote, tumeni fomu kwanza. Mkirudi mjini, leteni daftari ku mkutano wa chama. Zile rapoti nitazitafsiri mimi pamoja na wengine watakaojitoa, na tutazipeleka kwa wenye msimbo kwa jina letu sote. Ile ya swali la picha, ya Kipushi, tayari nimeiandika. Tutaanza na hiyo.